Damu Iliyokataa Kuganda

Kila jioni, ng'ombe wakishaingia zizini na kabla ugali haujaepuliwa, Odeta alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kuigusa. Alipanda juu ya kigoda, akashusha kopo la maziwa ya unga lililokuwa juu ya kabati la vyombo, akahesabu vidonge vitatu vya rangi ya kahawia, akampelekea baba yake pamoja na kikombe cha maji. Kisha aliweka alama ya vema kwenye daftari. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la tano huko Buswelu, na ndiye aliyesoma vizuri kuliko wote nyumbani. Mama yake, Getruda, aliishia darasa la pili. Baba yake, Ngosha, alijua kuandika jina lake na kuhesabu ng'ombe, basi.

Vidonge hivyo vilianzia kwa dume mmoja wa ng'ombe. Mwezi wa nne mwaka ule wa 1995, Chenge, mdogo wake Ngosha, alikuwa akimfunga dume huyo nira ili akavute mkokoteni. Dume akagoma. Chenge hakuwa mtu wa kubembeleza mnyama wala binadamu. Alimtandika fimbo za pua mpaka damu ikachuruzika. Dume alipochachamaa hakumfuata Chenge. Alimvamia Ngosha aliyesimama kando, akambana kwenye nguzo ya zizi na kumvunja paja. Mfupa ulisikika ukikatika kama kuni kavu. Siku hiyohiyo Chenge alimchinja dume yule kwa hasira, na nyama ikaanza kuliwa wakati mwenye paja akiwa bado njiani kupelekwa hospitali.

Ngosha alilala wiki sita katika hospitali moja kubwa ya mjini Mwanza, mguu ukivutwa kwa kamba na vyuma vizito. Mfupa uliunga. Lakini damu iliyokaa muda mrefu bila mwendo iliganda ndani ya mshipa, mguu ukavimba ukawa kama gogo. Daktari alisema waziwazi kwamba pande lile la damu likimeguka na kusafiri hadi kwenye mapafu, mgonjwa anaweza kufa kabla hajamaliza kuita jina la mkewe. Akamwandikia warfarini, dawa ya kuifanya damu ichelewe kuganda.

Dawa hiyo haina mzaha. Ikipungua, damu huganda mahali isipotakiwa. Ikizidi, damu haigandi hata pale inapotakiwa. Ndiyo maana kila baada ya wiki mbili Ngosha alikwenda hospitali na magongo yake kupimwa damu, na Odeta alimsindikiza kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akisoma kadi yake ya dawa.

Mpimaji alikuwa Bi. Mastura, mwanamke mrefu aliyevaa koti jeupe na asiyependa maneno mengi. Safari ya pili alimwona Odeta amesimama mlangoni mwa maabara.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ingia basi, usisimame hapo kuhesabu nzi. Unajua kusoma saa?"

"Ndiyo."

"Shika hii. Nikisema 'tia', bonyeza. Nikisema 'basi', bonyeza tena. Usibonyeze kwa kukisia."

Bi. Mastura alikuwa ameizungusha damu ya Ngosha kwenye mashine mpaka wekundu ukazama chini, na juu yakabaki maji ya njano. Aliyachukua maji hayo kidogo, akayaweka kwenye neli ya kioo ndani ya beseni lenye joto la mwili, akaongeza dawa ya kuyagandisha. "Tia!" Akawa anaiinamisha neli huku na huku mbele ya taa. Maji yaliteleza, yakateleza, kisha uzi mweupe ukatokea na maji yakasimama kama uji uliopoa.

"Basi!"

"Ishirini na tisa," alisema Odeta.

"Sawasawa. Mtu asiyetumia dawa hii hugandisha kwa sekunde kumi na tatu hivi. Baba yako tunamtaka kati ya ishirini na sita na thelathini na tano. Ikizidi sana, atatoka damu kwenye fizi na puani, mkojo utakuwa mwekundu, mwili utavilia damu bila kupigwa. Ukiona kimojawapo, usimpe kidonge tena. Mleteni siku hiyohiyo. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kweli alisikia. Hilo ndilo lililofanya mambo yaliyofuata kuwa mabaya zaidi.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba vidonge vilibaki vya siku moja tu. Ngosha alimtuma Odeta peke yake mjini akavichukue. Dirisha la dawa la hospitali halikuwa na warfarini wiki hiyo. Mhudumu alimwambia ajaribu mjini, kwenye mojawapo ya maduka ya dawa ya watu binafsi yaliyokuwa yakifunguliwa kila mtaa miaka ile. Duka la tatu alikuta zipo. Muuzaji, kijana mmoja aitwaye Salum, aliisoma kadi mara mbili.

"Dada, hivi ninavyo, lakini si kama vyenu. Vyenu vya kahawia ni miligramu moja. Hivi vya rangi ya waridi ni miligramu tano. Kimoja hiki ni vitano vya kwenu. Unanielewa?"

"Naelewa."

"Basi rudi kwa daktari aandike upya. Usimpe hata kimoja kabla hajaandika."

Akachukua kalamu, akaandika maneno hayohayo juu ya bahasha ya khaki, akatia vidonge ndani.

Odeta alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na nusu. Saa kumi kamili timu yao ya mpira wa pete ilikuwa na mchezo wa mwisho wa kata, na yeye ndiye mfungaji. Mwalimu alikwisha kusema kwamba atakayekosa mchezo huo jina lake litafutwa kwenye orodha ya wanaokwenda mashindano ya wilaya. Hospitali ilikuwa kule mlimani, na foleni ya daktari haikuwa ya dakika kumi.

Hakupanda mlima. Alidandia pikapu iliyokuwa ikielekea Nyakato, akakimbia njia iliyobaki, akafika uwanjani wenzake wakipanga mstari. Alifunga mabao kumi na moja.

Kesho yake jioni, vya kahawia vikiwa vimekwisha, baba yake alivitazama vidonge kiganjani. "Mbona vimebadilika rangi?"

Ngosha hakuwa mtu mbaya, ila fimbo yake ilikuwa na kasi kuliko masikio yake. Wiki iliyotangulia alimchapa Odeta mpaka miguu ikavimba kwa sababu ndama alinyonya maziwa yote. Odeta aliiona fimbo ile imesimamishwa nyuma ya mlango.

"Kiwanda kingine tu, baba. Wamesema vilevile, vitatu."

Ngosha akavimeza.

Siku ya tano fizi zake zilianza kutoka damu alipopiga mswaki. Siku ya sita Odeta alitoa vidonge viwili badala ya vitatu, hakusema kitu, akaweka alama ya vema kama kawaida. Alijiambia kwamba amerekebisha. Hakurekebisha; viwili vile bado vilikuwa zaidi ya mara tatu ya kipimo cha baba yake. Siku ya saba madoa makubwa meusi yalitokea kwenye mikono na mgongo wa Ngosha. Siku ya nane, Jumamosi asubuhi, pua ilianza kutoka damu na mkojo ukawa mwekundu.

"Twende hospitali," alisema Getruda, akitafuta viatu vyake chini ya kitanda.

"Hospitali ya nini?" Chenge alifoka. Alikuwa amesimama mlangoni, macho kwenye yale madoa. "Shemeji, huoni vidole hivi? Hesabu mwenyewe: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Mtu anamkaba kaka yangu akiwa amelala. Hospitali wana sindano ya hiyo?"

Odeta alisimama kando ya kabati. Alilisukuma begi lake la shule nyuma zaidi kwa mguu.

Kabla ya adhuhuri Chenge alikuwa ameleta mganga wake. Mganga alimkalisha Ngosha juu ya ngozi ya mbuzi, akatoa wembe, akamchanja chale kumi na mbili kifuani na kupaka dawa nyeusi. Chale ni jambo la kawaida. Kila mtu pale alikuwa nazo, na damu yake hukauka kabla dawa haijaisha kupakwa. Chale za Ngosha hazikukauka. Damu ilitiririka ikaosha dawa yote, ikajaa kitovuni, ikalowesha ngozi ya mbuzi. Getruda alikandamiza kanga, kanga ikalowa. Akachukua ya pili.

Mganga alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa ameogopa, lakini hakuwa mjinga wa kuonyesha.

"Huyu ananyonywa," alisema huku akikusanya vibuyu vyake. "Anayemnyonya hayuko mbali. Macho yake mekundu. Na chakula chake mmekwisha kukila humu ndani."

Hakuongeza neno. Alichukua mbuzi wake wa malipo akaondoka kwa mwendo wa haraka kuliko aliokuja nao.

Hapakuwa na haja ya kutaja jina. Ng'ambo ya ua wa minyaa aliishi Kija, mjane wa miaka sitini na kitu. Kazi yake ilikuwa kukaanga na kukausha mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kusafirishwa Ulaya. Moshi wa miaka mingi ulikuwa umeyageuza macho yake kuwa mekundu kama pilipili. Na siku nne zilizopita alikuwa amemletea Ngosha bakuli la supu.

"Kija!" alisema Chenge. Akachukua panga na rungu, akatoka nje, akapiga yowe.

Usukumani yowe haliulizwi sababu. Mwanamume anayelisikia huchukua silaha na kukimbia linakotoka. Katika dakika chache wanaume kama thelathini walikuwa uani, wakiwa na marungu, mikuki na mapanga. Mbele yao alikuwa Josephat, mkuu wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Josephat alikuwa mwanajeshi wa zamani aliyepigana vita vya Uganda, na hakuwa mwepesi wa kupandwa na hasira. Lakini aliona damu ya Ngosha, akasikia maneno ya Chenge, akafuata pamoja na wenzake.

Odeta alijua kitakachotokea. Mwaka uliotangulia, katika kijiji cha jirani, bibi mmoja mwenye macho mekundu alikatwa mapanga mlangoni kwake mchana kweupe. Waliohudhuria mazishi walikuwa sita. Alijua pia kwamba katika watu wote waliokuwa Buswelu saa ile, ni yeye peke yake aliyejua kwa nini damu haigandi. Alifungua begi lake la shule, akatoa bahasha ya khaki aliyoificha ndani ya daftari la hesabu, akanyakua na kadi na kopo, akapenya kwenye ua wa minyaa bila kujali utomvu.

Alikuta chanja za samaki zimeangushwa. Karai la mafuta ya moto lilikuwa limepigwa teke, nyasi zikifuka moshi. Kija alikuwa amerudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa nyumba yake.

"Semeni mnachotaka!" alipiga kelele. "Ngosha nimemkosea nini? Huyo binti yake nilimkata kitovu kwa mikono hii!"

"Ndiyo maana unazijua damu zao, mchawi mkubwa!" Chenge alimtupia rungu la kichwa. Kija aliinua mkono kujikinga, na rungu likatua hapo. Mkono ulipinda mahali pasipo na kiungo. Bibi yule hakulia. Alikaa chini ghafla, kama mtu aliyekatwa magoti. Chenge akahamishia panga mkono wa kulia.

"Mwacheni!" Odeta alijitupa katikati. "Si yeye! Ni mimi niliyemdhuru baba!"

Sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Mnasikia? Amekwisha kumfundisha mtoto!"

"Kumbe mko wawili!" Chenge alimkamata Odeta shingoni, akamzaba kofi lililompasua mdomo. Odeta alianguka juu ya mapanki, kinywa kimejaa damu, lakini mkono wake ulikuwa umeinuliwa juu na bahasha ndani yake. Panga lilipanda.

Rungu la Josephat lilitangulia, likamgonga Chenge kwenye kiwiko, panga likaanguka.

"Mtoto ameshika karatasi," alisema Josephat. "Sijawahi kuona mchawi anayetembea na karatasi. Lete hapa."

Alikuwa mmoja wa wachache pale waliojua kusoma vizuri. Alisoma kimya kwanza, kisha kwa sauti: "'Miligramu tano. Usitumie kabla daktari hajaandika upya.' Odeta, baba yako alikuwa akimeza vingapi?"

"Vitatu. Kama vile vidogo." Alifuta damu mdomoni. "Mwenye duka aliniambia nirudi hospitali. Sikurudi. Nilikwenda kucheza mpira. Nikamwambia baba wamesema vitatu. Nilidanganya. Bi. Mastura alisema dawa ikizidi damu haigandi, fizi zinatoka damu, na madoa, na mkojo… Nilijua. Tangu Jumatano nilijua."

Mtu mmoja alishusha mkuki wake akaanza kuutazama kama kitu cha mtu mwingine.

"Karatasi haitoi mtu damu," Chenge alinguruma, ameshika kiwiko. "Mnadanganywa na kitoto!"

"Basi damu ipimwe," alisema Josephat. "Wewe, mimi, mtoto na mgonjwa, sasa hivi. Kija atakaa ofisi ya kijiji na walinzi wangu wanne. Mfungeni huo mkono kwa ubao. Atakayemgusa kabla sijarudi, miguu yake ni halali yangu. Maabara wakisema hakuna kitu, tutajua la kufanya."

Kila mtu alielewa maana ya maneno hayo ya mwisho, na Kija alielewa kuliko wote.

Pikapu ya mnunuzi wa pamba iliwafikisha hospitali saa kumi, Ngosha amelazwa juu ya magunia matupu, midomo imekuwa ya kijivu. Daktari alimpokea. Bi. Mastura mwenyewe alimtoa Ngosha damu ya kupima, hakuuliza maswali mpaka alipomaliza. Sehemu za sindano ziliendelea kuchuruzika.

"Chukua na yangu," alisema Chenge, akikunja shati. "Sitaki kuambiwa maneno. Nataka kuona kwa macho."

"Vizuri. Kaa hapo. Odeta, saa."

Mdomo wa Odeta ulikuwa umevimba, lakini mkono ulikuwa umetulia. Damu ya Chenge ilipimwa kwanza. Uzi mweupe ulitokea.

"Kumi na tatu," alisema Odeta.

"Huyo ni mtu asiyetumia dawa. Sasa kaka yake. Tia!"

Neli iliinama, ikainuka. Sekunde thelathini, maji yaliteleza. Sitini. Chenge alisogea karibu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Tisini. Mia na ishirini. Maji ya njano yaliendelea kwenda na kurudi kama maji ya kisimani. Bi. Mastura aliisimamisha saa mwenyewe.

"Haigandi."

"Si niliwaambia!" Chenge aliruka. "Mashine yenu yenyewe imesema! Kuna mtu ameifunga damu hii!"

"Kaka, punguza sauti, humu kuna vioo," alisema Bi. Mastura. "Kama kuna mkono wa mtu ndani ya damu hii, je, maji ya damu yako yanaweza kuuondoa?"

"Mimi si mganga."

"Tuone."

Alichukua neli safi, akatia nusu ya maji ya damu ya Ngosha na nusu ya Chenge, akaacha yapate joto, akaongeza dawa ya kugandisha. Maji yaliteleza mara chache tu. Uzi ukatokea.

"Kumi na tano," alisema Odeta kwa sauti ndogo.

Bi. Mastura aliinua neli mbele ya uso wa Chenge. "Damu ya kaka yako haikufungwa. Imepungukiwa kitu, na kitu hicho kimo katika damu yako, nimechanganya, imeganda. Hutengenezwa kwenye ini kwa msaada wa vitamini K, na warfarini hukizuia kisitengenezwe. Ndiyo kazi yake. Sasa niambieni alimeza nini."

Josephat alitoa bahasha. Bi. Mastura alisoma, akafumba macho kidogo. "Miligramu kumi na tano kwa siku. Alitakiwa kumeza tatu. Nani aliyesema vitatu?"

"Mimi," alisema Odeta.

Bi. Mastura alimtazama, hakumfokea. "Umelisema hilo kwa mdomo wako mwenyewe, na sasa daktari anajua la kufanya. Kimbia umwite."

Ngosha alichomwa sindano za vitamini K. Alihitaji pia damu mbichi ya mtu mzima mwenye afya, na kundi lililofaa lilikuwa la Chenge. Chenge alilala kwenye kitanda cha benki ya damu akitazama dari, na mfuko ukajaa taratibu. Aliposimama, Josephat alikuwa akimngoja mlangoni.

"Umemvunja mkono mwanamke asiye na kosa, na ulitaka kuua mtoto," alisema. "Tunapitia kituo cha polisi. Na mimi nitaandika maelezo yangu, kwa sababu nami nilikwenda pale na rungu bila kuuliza swali hata moja."

Asubuhi iliyofuata, saa nne, damu ya Ngosha ilipimwa tena. Iliganda kwa sekunde ishirini na tatu. Bi. Mastura aliandika majibu na kugonga mhuri, na Josephat akayapeleka Buswelu akayasoma mbele ya ofisi ya kijiji, mstari kwa mstari. Mlango ukafunguliwa. Kija alitoka, akapelekwa hospitali kufungwa plasta.

Wodini, Ngosha alimwita Odeta karibu na kitanda. Kwa muda mrefu alitazama mdomo wake uliopasuka.

"Ungeniambia siku ile, ningekuchapa," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Ningekuchapa sana. Na kesho yake ungeamka maumivu yameisha." Akajiegemeza kwenye mto. "Lakini mtoto anayeogopa fimbo kuliko anavyoogopa baba yake kufa, hapo mimi pia nimekosea. Tukirudi, ile fimbo itaenda kwa ng'ombe."

Chenge alifungwa mwaka mmoja na nusu. Mganga alitafutwa, akaonekana amehama. Wanaume waliokuwepo siku ile walizisimamisha upya chanja za Kija, wakampelekea karai jipya, na baadhi yao waliomba radhi bila kumtazama usoni. Kija alipokea vyote. Baada ya wiki tatu akatangaza kwamba anahamia Busisi kwa binti yake.

Siku ya kuondoka, Odeta na mama yake walikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Kija alikuwa ameketi juu ya furushi, plasta imeanza kuchafuka kwenye kiwiko. Fundi mifupa alikwisha kumwambia kwamba vidole viwili havitakunjika tena.

"Bibi, nisamehe," alisema Odeta. Alikuwa amelisema hilo mara nyingi, lakini hakuwahi kujibiwa.

Kija alimtazama kwa macho yake mekundu.

"Nimekusamehe. Tena nakushukuru, kwa sababu wanaume thelathini walikuwa na silaha na wewe ulikuwa na karatasi, ukaja. Ukweli wako uliniachia shingo yangu." Akauinua mkono wa plasta kidogo. "Lakini uliusema siku ya nane, Odeta. Ungeusema siku ya kwanza, ungeniachia na huu. Ukweli ni uleule, mjukuu wangu, ila haufanyi kazi ileile ukichelewa. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama mdomo unatetemeka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

"Haya. Gari hilo linakuja. Nishikie upande huu, upande ule siwezi."

Odeta alipitisha mkono wake chini ya kwapa la Kija, akamwinua taratibu, akamshikilia mpaka alipokaa vizuri garini.